Nyumba ya Chumbageni: gumzo la Jumamosi usiku

Mama Salma: Asalaam alaykum jamaa. Leo nimetoka kwa kaka nalia. Mwezi wa nane huu tangu kiharusi, mkono umerudi, msikitini anakwenda mwenyewe, lakini akili inazidi kupotea. Amekaa kwenye cherehani karibu nusu saa, uzi kidoleni, hajui aanzie wapi. Mtu aliyekuwa akikata kanzu kwa macho tu!

Baba Issa: Waalaykum salaam. Mimi juzi kaniita mwizi wa mkasi. Mkasi uko mfukoni mwake.

Shangazi Pangani: Hilo si la hospitali. Tumpeleke kwa shehe asomewe.

Zuhura: Shikamoo shangazi.

Shangazi Pangani: Marahaba mwanangu.

Zuhura: Asomewe, dua ni haki yake. Ila baba hajarogwa, na wala si kiburi cha uzee. Kile kipimo cha CT, picha ya ndani ya kichwa, kilionyesha damu imevuja ndani kabisa ya ubongo, na huko ndiko presha inakopenda kupasua vimishipa vidogo. Njia zinazopeleka habari kwenye sehemu ya mbele, ile ya kupanga jambo hatua kwa hatua, zinapita hukohuko. Ndiyo maana uzi anaujua na sindano anaijua, kinachomshinda ni mpangilio.

Baba Issa: Lakini damu si ilishakauka? Mbona alipotoka wodini alikuwa na nafuu kuliko sasa?

Zuhura: Damu ikishatoka nje ya mshipa haitulii, kaka. Chembe nyekundu zinapasuka siku baada ya siku na kumwaga chuma, na chuma hicho ni sumu kwa neva. Walinzi wa ubongo, maikroglia, wanakuja kusafisha, na kusafisha kwenyewe kunaleta uvimbe unaounguza hata sehemu ambazo damu haikufika. Uvimbe mkubwa ni wa wiki za mwanzo. Mdogo unaweza kufukuta miezi mingi, kama moto wa pumba. Ongezeni na presha ya miaka iliyokwisha kuchakaza mishipa mingine.

Mjomba Muscat: Dawa ya kuuzima huo uvimbe ipo huku? Niambie jina, nitume na mtu wiki hii.

Zuhura: Allah akulipe mjomba. Haijapatikana. Walijaribu deferoksamini, dawa inayokamata chuma, na matokeo yaliyotoka 2019 hayakuonyesha faida ya kutosha. Tulicho nacho ni presha isizidi 130 kwa 80, ili damu isivuje tena. Na aspirini ya jirani msimpe! Ile inalainisha damu, na kiharusi cha baba ni cha kuvuja. Daktari wake tu ndiye wa kuamua.

Mama Salma: Mimi nilishamwekea mezani. Narudi kuitoa sasa hivi.

Zuhura: Haya, na lingine linaniuma sana. Wageni wakija wanamuuliza, "Mimi nani? Unanikumbuka?" Jana alijaribu mara tatu, akashindwa, akageukia ukutani. Hakula mpaka asubuhi. Nawaomba kwa miguu na magoti, msimfanyie mtihani baba yangu. Ukiingia taja jina lako, "Mimi Issa, mtoto wa dada yako," kisha kaa naye.

Shangazi Pangani: Hata mimi nimemuuliza hivyo. Nisamehe mwanangu.

Zuhura: Hukujua, shangazi. Na kwenye cherehani msimwambie "shona". Mwambieni, "Pitisha uzi hapa." Akimaliza, ndipo mumpe hatua nyingine. Jumanne nampeleka kliniki waangalie pia usingizi na huzuni, hivyo vinaharibu kumbukumbu na vina tiba. Ila akibadilika ghafla, kichwa kikamuuma au akalala asiamke vizuri, ni hospitali saa hiyohiyo. Msinisubiri mimi.

Baba Issa: Nakuja kesho baada ya alfajiri. Nimletee nini?

Zuhura: Betri ndogo nne za mashine ya presha. Hizi zimekwisha, leo sijampima.