Tupeane uzoefu: Sisi tuliokulia Walukuba, Jinja

Mwanzilishi
Wakuu, habari za leo. Kijana mmoja wa hapa Jinja, Uganda, ameniuliza kwa nini watu wa mtaa wetu wa Walukuba huanza na Kiswahili hata wakikutana Msoga kwa Msoga, wenyeji wa hapa. Nikamwambia aulize kazi. Bwawa la umeme la Owen Falls kwenye Mto Nile lilifunguliwa 1954, viwanda vikafuata umeme: kiwanda cha nguo cha Nytil, bia ng'ambo ya mto kule Njeru, mtambo wa kuyeyusha shaba ya migodi ya Kilembe. Wafanyakazi wakatoka West Nile, Acholi, Teso, Bugisu na Samia, Wajaluo nao wakavuka kutoka Kenya. Nyumba za Walukuba zilijengwa kwa ajili yao, na aliyegawa funguo hakuuliza kabila. Mliokulia huku, leteni visa.

Mzee wa Zamu ya Usiku
Baba alikuwa Mlugbara wa West Nile, fundi wa mashine za kufuma. Kulia kwetu Wajaluo, kushoto Wateso. Mama hakujua Kiluo, mama wa kule hakujua Kilugbara, lakini walikopeshana chumvi, mkaa na hata watoto wa kutuma dukani, yote kwa Kiswahili chao kisicho na ngeli.

Mwaka 1970 serikali ya Obote ikaamuru vibarua wa kutoka Kenya waondoke. Maelfu wakaenda. Jirani yetu watoto wake wote walizaliwa hapa Jinja. Kitanda alikiuza kwa bei ya kutupa, cherehani akaiacha kwetu akisema atairudia, akapanda basi la Busia.

Miaka miwili baadaye Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke. Hiyo ndiyo watu wanaikumbuka, maana maduka ya Main Street yalifungwa na dunia nzima ikaona. Kwetu agizo la kwanza, lile la Obote, ndilo lilitunyang'anya majirani. Makali ya la pili yalikuja polepole: vipuri vikakosekana, mashine zikasimama moja moja, baba akaanza kuonekana nyumbani mchana. Cherehani ile ndiyo ilitulisha. Mwenyewe hakurudi.

Binti wa Masese
Mzee, heshima yako. Mimi ni wa juzi tu, miaka ya 1990, nimekuzwa na mukene, yaani dagaa, wa kuanikwa Masese, ufukweni mwa ziwa. Likizo moja nilipelekwa kwa senga wangu, yaani shangazi, Kampala. Wageni wakaja, nikawasalimu kwa Kiswahili, sebule nzima kimya. Wazee wale Kiswahili walikuwa wamekisikia kwa askari wa vizuizini na kwa majambazi wa usiku. Senga akanivuta jikoni: "Hapa tunaongea Luganda, umesikia?" Mimi nilikuwa nimekizoea kama lugha ya kuomba moto kwa jirani! Siku hizi serikali inataka kifundishwe shuleni, na binamu zangu walewale wananipigia simu niwasaidie watoto wao kazi za nyumbani.

Foleni ya Bomba
Jamani, msitupambe mno. Pale bombani ngumi zilirushwa, na za kikabila waziwazi. Choo cha pamoja kikiziba, kila mtu alijua kabila lenye makosa: la mwenzake. Ajono, pombe ya ulezi ya Wateso, ikishakolea, mirija yote kwenye chungu kimoja, hapo ndipo matusi ya kila lugha yalipofundishwa.

Kilichotunusuru ni matanga. Kusafirisha maiti hadi Arua au Soroti si gharama ya ukoo wenye watu watatu mjini. Kitabu cha michango kilipita mlango kwa mlango, na aliyekupiga ndoo asubuhi alikuwa kwenye lori la mazishi pamoja nawe, amebeba sufuria. Mpaka leo sijaona umoja wa kanisa wala chama uliofikia huo. Lakini upendo? Hapana, ilikuwa hesabu. Kila mtu alijua zamu yake itafika.

Mgisu wa Mtaani
Nyie mmesahau imbalu, tohara yetu Wagisu. Mwaka wa shufwa ukifika, kijana anayekwenda kutahiriwa anazungukia ndugu zake hadi wa mjini, kengele mapajani, unga usoni. Akifika Walukuba, mtaa wote unamfuata. Wajaluo, ambao kwa mila yao hawatahiri kabisa, ndio waliokuwa mbele wakicheza kuliko wajomba wa mtoto.

Foleni ya Bomba
Hilo la Wajaluo kuwa mbele nalipinga, Wasamia hawakuwashinda kucheza. Wa mtaa wa Mpumudde mlioshuhudia, semeni.