Wamoravian na ibada ya makaburini alfajiri ya Pasaka, maana yake nini hasa?

Binti wa Kalenga
Kamwene wakuu. Mimi mkatoliki wa Iringa, nimeolewa Tukuyu mwaka jana kwenye familia ya Wamoravian wale wa damu kabisa. Sasa Pasaka hii ndo ya kwanza nakula kwa wakwe na mama mkwe kashasema Jumapili saa kumi na moja alfajiri wote makaburini, ibada inafanyikia huko, na Jumamosi tunatangulia kufyeka na kusafisha. Sijakataa ila moyoni najiuliza hii si ni kama matambiko jamani? Kwetu kuombea marehemu makaburini ni tarehe 2 Novemba, Pasaka hatugusi huko. Mume nikimuuliza ananijibu "ndo utaratibu wetu" halafu anarudi kwenye simu. Mwenye kujua anieleweshe, pia kama kuna cha kubeba au kuvaa nisije nikaaibika mbele ya mama.

Mlokole Uyole
Dada umeona vizuri. Mfu hasikii lolote, mnaenda kumwimbia nani? Luka 24:5 iko wazi, "Kwa nini mnamtafuta aliye hai katika wafu?" Mimi nimelelewa humo humo Moravian nikatoka.

Mzee Rungwe Misheni
Mlokole, hilo swali malaika aliliuliza wapi? Si wale akina mama walikuwa kaburini! Wangebaki wamelala wasingeulizwa.

Binti yangu, ndaga kwa kuuliza. Hatuendi kuongea na wafu wala kuwaombea, na hakuna pombe inamwagwa chini pale. Soma Yohana 20, Mariamu Magdalene alienda kaburini alfajiri kungali giza bado, basi sisi tunafanya kama yeye, tunafika giza, tunaimba, na jua likichomoza linatukuta tunatangaza ufufuko palepale walipolala watu wetu wanaoungoja. Mchungaji anasema Bwana amefufuka, sisi tunajibu amefufuka kweli kweli. Katika sala hiyo wanakumbukwa waliolala tangu Pasaka iliyopita, kwingine wanasomwa hadi majina, hapo ujiandae maana kama msiba ni wa karibuni watu wanalia kweli, na tarumbeta zikipigwa ndo kabisa.

Jambo hili halikuanzia hapa Unyakyusa. Lilianza 1732 huko Herrnhut, Ujerumani, kijiji kilichoanzishwa 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, Ucheki ya leo, waliopewa hifadhi kwenye ardhi ya Zinzendorf, kabaila mmoja wa Kijerumani. Vijana wa kiume ambao hawajaoa walipanda kilima cha Hutberg alfajiri ya Pasaka wakaimba makaburini kwao, hakuna askofu aliyewaamrisha, mwaka uliofuata wakajiunga wengine, mpaka leo. Wamisionari walipofika Rungwe 1891 walikuja nayo. Tena kule Herrnhut mawe ya makaburi yamelazwa chini, yanafanana, tajiri na fundi viatu sawa, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Ila familia ya Zinzendorf yenyewe iko katikati na makaburi makubwa hahaha, binadamu ni binadamu tu.

Mlokole Uyole
Sawa mzee hapo kwenye Luka umenipata. Ila bado nasema wapo wanaoenda na mawazo ya mizimu kichwani, siyo wote wanaelewa kama wewe.

Mzee Rungwe Misheni
Hilo silikatai, ndo maana wiki nzima ya mateso tunakutana jioni kusoma habari za Yesu siku kwa siku. Anayeruka wiki nzima akatokea Jumapili makaburini tu lazima aone mizimu.

Kikongwe Kijana
Mimi nijibu ya kuvaa maana wazee wamepanda juu sana 😂 Dada, Pasaka inaangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, sasa Tukuyu miezi hiyo mvua haina adabu, njia za makaburini ni tope na majani yamelowa mpaka magotini. Vaa gambuti, viatu vya kanisani weka kwenye mfuko. Kitenge cha kujifunika na sweta nzito, mwavuli hata kama usiku umelala na nyota. Huku kwetu jua linachelewa, ni saa kumi na mbili na nusu imepita ndo unaliona, kwa hiyo mtasimama gizani muda mrefu. Pasaka inahesabiwa kwa mwezi mpevu hivyo alfajiri ile mwezi bado uko juu, mawingu yakikubali mtaona njia, ila beba tochi. Na mama mkwe akishika jembe Jumamosi usikae pembeni unapiga picha, hapo ndo utapimwa kuliko kwenye kuimba. Ukirudi pitiliza jikoni ubandike chai, ndizi zikiwa zimeshamenywa jana yake utapendwa bure.

Binti wa Kalenga
Jamani asanteni mno, mzee ndaga fijo. Sasa imebaki kitu kimoja, misa yangu ya Pasaka je? Makaburini nikitoka naunganisha kanisani kwao, saa ngapi nitafika parokiani na ni mbali.

Katekista mstaafu
Mwanangu, wewe nenda Kesha la Pasaka Jumamosi usiku, lile la moto mpya na mshumaa wa Pasaka, linahesabika kuwa misa ya Pasaka kamili na unakomunika. Kesha nalo ni kusubiri ufufuko gizani, kwa hiyo hutaona ugeni mkubwa alfajiri kwa wakwe. Meza ya Bwana ya kwao usishiriki, kaa tu kwa heshima, na hilo mwambie mama mkwe mapema Ijumaa Kuu, usisubiri mpaka mko kwenye benchi. Ila usingizi hapo sahau, Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu utalala.

Binti wa Kalenga
Mama nimemwambia jioni hii hii, kacheka, kasema hata yeye atanisindikiza Kesha akaone huo moto. Ngoja nikatafute gambuti.