SO2 kwa DOAS ya kwenye gari: mizunguko miwili, majibu mawili

majivu77: Wakuu, napita na gari lenye spektromita ya DOAS (hupima gesi kwa kiasi cha mwanga wa urujuanimno wa anga inachonyonya) chini ya wingu la gesi ya volkano, nikitafuta SO2 (dioksidi ya salfa), darubini ikitazama juu wima. Mizunguko yote miwili imenipa wastani wa 200 ppm·m (sehemu za gesi kwa milioni, mara mita za unene wa wingu) kwa upana wa mita 4,000, lakini hesabu ya kwanza ni tani 919 za SO2 kwa siku na ya pili, nusu saa baadaye, ni 1,470. Upepo nausoma kwenye kituo cha bondeni: 5 m/s, kisha 8. Na je, CO2 naweza kuipata hivihivi?

mkato_wa_wingu: Mlima haujabadilika, kilichobadilika ni upepo wako wa bondeni. 1 ppm·m ya SO2 ni takriban miligramu 2.66 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mkato wako (kipande cha wingu ulichokivuka) una kilo 2.13 kwa kila mita ya urefu wa wingu, mara zote mbili. Baada ya hapo unazidisha kwa kasi ya upepo tu, na kosa la upepo linaingia lote kwenye jibu. Tafuta kasi ya kimo cha wingu lenyewe: puto la hali ya hewa, modeli, au spektromita mbili zilizopangwa kufuata mkondo wa wingu, upime mawimbi ya gesi yanachelewa sekunde ngapi kutoka ya kwanza hadi ya pili. Barabara ikikata wingu kimshazari, sahihisha kila kipande kwa sine ya pembe kati yake na upepo, la sivyo upana unavimba bure.

urujuanimno: Angalia pia mwanzo na mwisho wa grafu. Nje ya wingu lazima irudi sifuri. Isiporudi, rudia spektra ya giza (funika darubini, muda uleule wa kupokea mwanga) na ya anga safi. Asubuhi sana usipime, ozoni inakula mwanga.

majivu77: Shukrani. Na CO2?

chujio: Kwa DOAS hiyo sahau. Hewa ya kawaida tayari ina zaidi ya 420 ppm, na kifaa chako kinasoma urujuanimno. Peleka vihisi ndani ya moshi, pata uwiano wa CO2 kwa SO2 baada ya kuondoa kiasi cha hewa ya kawaida, zidisha kwa tani za SO2, kisha kwa 44/64 (uzito wa molekuli ya CO2 kwa ule wa SO2). Kihisi cha SO2 huchelewa kuliko cha CO2, kwa hiyo linganisha vilele kabla ya kugawanya. Mpira wa kuvutia moshi uwe wa tefloni, mkavu: matone ndani yake hunyonya SO2 na uwiano unapanda kwa uongo. Na barakoa ya chujio haizuii CO2, usishuke nayo mashimoni.