Acheni kumchota mtumiaji aliyelogini hewani, mnatuulia testi!

Wakuu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Nimerithi API (mfumo unaojibu maombi ya programu nyingine) ya ASP.NET, teknolojia ya wavuti ya Microsoft, nikaambiwa niandike testi za yuniti, yaani za kupima kipande kimoja cha msimbo peke yake, za sehemu ya ankara. Leo ni siku ya nne, na testi zinazopita hazifiki kumi.

Chanzo ni HttpContext.Current.User.Identity.Name, msimbo unaochota jina la aliyelogini kutoka kwenye ombi la wavuti linaloshughulikiwa. Kwenye kontrola, darasa linalopokea maombi, ningevumilia. Lakini umo hadi kwenye darasa la kukokotoa punguzo! Testi ya yuniti haina ombi lolote la HTTP, kwa hiyo HttpContext.Current ni null (tupu), na kila kitu kinaanguka kabla sijafika kwenye hesabu ninayotaka kuipima. Punguzo na ombi la wavuti wapi na wapi? Linachohitaji ni namba ya mteja, basi. Lipe kama kigezo. Au tengeneza kiolesura kidogo cha mtumiaji wa sasa, kiingie kupitia konstrakta (sehemu inayoliunda darasa), na testi italeta mtu wake wa bandia.

Aliyenitangulia alitengeneza mtu wa bandia mmoja tu, msimamizi mkuu, akamtumia kila mahali. Testi zake zote kijani, yaani zinapita. Nikambadilisha awe mteja wa kawaida namba 7, nikaomba ankara ya mteja namba 8. Ikafunguka! Jumla, anwani, kila kitu cha mtu mwingine. Msimamizi anaruhusiwa kuona vyote, sasa testi zile zingekamata nini?

Na msiniambie "si kuna [Authorize] pale juu", kile kichujio cha kuzuia wasiologini. Ukiita mbinu ya kontrola moja kwa moja ndani ya testi, kichujio hicho hakiguswi kabisa. Kipimeni kwa ombi linalopita njia nzima kwenye seva ya majaribio, lisilo na tokeni (kithibitisho kwamba umelogini), mwone kama linarudisha 401, yaani limekataliwa. Hata hivyo, kikiwa kitupu kinauliza tu kama umelogini. Ankara ni ya nani, hakiulizi.

Jana pia masaa matatu yameniishia kwenye new ClaimsIdentity(claims), msimbo wa kumuunda huyo mtu wa bandia kwa madai, yaani taarifa zake. Tangu .NET 4.5, usipotaja aina ya uthibitishaji, IsAuthenticated (je, amelogini?) inarudi false, yaani hapana, hata ujaze madai yote. Kuongeza neno moja, "testi", kukamaliza kazi.

Hiyo ya ankara namba 8 nimeiripoti kama ya dharura. Jibu: isubiri toleo lijalo. Wakuu, mteja wa watu anachunguliwa ankara zake sasa hivi, tunasubiri nini?