Taasisi inayowatoa watoto wadogo na wazazi wao nje: tuchangie nini kisichokuwa mzigo?

Mpita Njia (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda. Kuna taasisi ndogo inayowakusanya watoto wa miaka 2 hadi 6 pamoja na wazazi au walezi wao, mara moja kwa wiki, kwenye kipande cha msitu. Wanachimba, wanaangalia wadudu, wanapanda magogo. Kikundi chetu kinataka kuichangia kwa mwaka mzima. Wenzangu wanataka tununue midoli na vifaa vya michezo, tukabidhi siku moja, tupige picha, basi. Mimi nasita. Tutoe vitu, fedha au muda? Na tukague nini kabla ya kutoa?

Gogo Kavu

Una kila sababu ya kusita. Mtoto wa miaka mitatu mwenye tope, maji na vijiti hana shida na midoli. Kinachokosekana ni vile visivyopendeza kwenye picha: posho ya kiongozi, bima, nauli ya familia zisizo na usafiri, dumu la maji lenye koki, choo. Programu za namna hii mara nyingi hufa pale kiongozi aliyezoeleka anapoondoka kwa sababu ruzuku imekatika. Watoto wa umri huo wanamfuata mtu kwanza, msitu baadaye. Akija mgeni, nusu yao wanarudi kung'ang'ania miguu ya mama.

Kwa hiyo toeni fedha, na msizifunge kwa masharti. Kila mfadhili akisema "zangu ni za miche tu", bima inabaki haina mwenyewe. Mkitoa zote mwanzoni mwa mwaka au kidogo kidogo kila mwezi, vyote sawa, mradi muandike ahadi ya miezi 12 yenye kiasi na tarehe. Kwa karatasi hiyo wanaweza kumpa kiongozi mkataba. Mchango unaokuja pale mtu anapojisikia hauwezi kupangiwa kitu.

Fundi Turubai

Naunga mkono, ila vitu navyo vina nafasi yake ukiuliza kwanza. Kosa nambari moja la wafadhili ni kununua makoti ya mvua na gambuti za watoto peke yake. Mvua ikianza, mtoto anaendelea kuchezea dimbwi. Anayesema "turudi nyumbani" ni mzazi aliyevaa ndala. Kwa kila pea mbili za watoto wekeni moja ya mtu mzima. Kwa watoto wa umri huo, namba 22 hadi 30 zinatosha. Zitunzwe kivulini, zimening'inizwa kichwa chini kwenye vigingi. Zikiachwa juani mpira unapasuka pale unapokunjwa kwenye kifundo.

Ndoo ziwe za lita 1 au 2. Watu wananunua za lita 5 wakisahau kwamba maji hayo ni kilo 5, na anayebeba ana kilo kama 14 tu. Koleo ziwe za chuma, fupi, mpini wa mbao. Za plastiki zinavunjika kwenye mzizi wa kwanza na kuacha ncha inayokata.

Vioo vya kukuzia: chukueni vya kukuza mara 3 hadi 5, vipana, angalau sentimita 6. Cha mara 10 kinasikika kizuri dukani, lakini ili uone sawasawa lazima ukishike kama sentimita 2.5 kutoka kwa mdudu huku jicho likiwa karibu kabisa na kioo. Mtoto mdogo hawezi. Anaona ukungu, anakitupa.

Mkitaka kutoa kitu kimoja cha maana, toeni turubai la mita 3 kwa 4 lenye pete za chuma pembeni, na kamba ya unene wa milimita 5 hivi. Wafundishwe kulifunga upande mmoja juu kuliko mwingine kwa nusu mita. Likifungwa bapa, maji yanatuama katikati, na sentimita moja tu ya maji juu ya eneo lote ni lita 120, yaani kilo 120 juu ya vichwa vya watoto. Wasilifunge kwenye mti uliokauka, na waangalie juu kwanza kama kuna tawi lililokufa.

Bi Mkaguzi

Kabla ya fedha kutoka, ombeni waraka wa ulinzi wa watoto. Uwe umeandikwa, si wa kusimuliwa. Someni kama unasema hakuna mtu mzima atakayebaki peke yake na mtoto asiye wake, nani anachunguza historia ya wanaojitolea, na picha zinapigwa kwa idhini ya nani. (Hiyo sherehe ya makabidhiano iacheni.) Sheria za nchi zinatofautiana, lakini mimi nikiona chini ya mtu mzima mmoja kwa watoto wanne nauliza maswali. Karibu na maji ni mmoja kwa mmoja. Mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza awe amefunzwa ya watoto wadogo, maana hata pale hatua zinapofanana, mtoto mdogo aliyekabwa hasaidiwi kwa nguvu ile ile ya mtu mzima.

Halafu ulizeni hivi: kati ya familia zilizokuja mara ya kwanza, ngapi zilifika mara ya tatu? Idadi ya jumla ya waliohudhuria inadanganya. Watu wapya kila wiki wanaijaza. Na kama wanabadilisha eneo kila mara ili wavutie, hiyo si sifa. Mtoto mdogo anafaidi pale pale, kwenye gogo lile lile, akikuta uyoga ambao wiki iliyopita haukuwepo.

Mpita Njia

Asanteni sana wadau. Na muda je? Wengine wetu wana Jumamosi tu.

Gogo Kavu

Msipeleke sura mpya kila wiki. Wawili wakikubali kuchunguzwa na kukaa angalau miezi mitatu, waende kwa watoto. Waliobaki wafanye kazi za nyuma: vitabu vya hesabu, maombi ya ruzuku, kufyeka njia siku moja kabla, kukagua kamba. Ulizeni hasa nani anabaki baada ya familia kuondoka. Mara nyingi ni kiongozi peke yake, anaosha makoti na kukunja turubai lililolowa kwa sababu amechoka na giza linaingia. Likikaa hivyo siku chache linaota ukungu, na mishono yake inaanza kuoza. Watu wawili na kamba ya kuanikia wanamaliza kazi hiyo kwa saa moja.