Feni ya 55 kW juu ya beto: bulo zenye bomba, sheviye za kupanuka au bulo za gundi?

Fundi_Kampemba (Lubumbashi)
Jambo yenu wakubwa. Kwenye karakana yetu kuna feni ya kuvuta vumbi, moteri ya 55 kW, mizunguko 1480 kwa dakika. Ilifungwa juu ya beto (zege) ya zamani kwa sheviye za chuma za M20 (unene wa mm 20), zile zinazopanuka tunduni unapokaza nati. Miezi mitatu tu baadaye, nati mbili nikazizungusha kwa vidole. Nilizikaza, zikalegea tena. Sasa beringi ya upande wa kapulingi inanguruma, na ukiweka kiganja kwenye mguu wa feni unasikia chuma kinapigapiga.

Tumeruhusiwa kuvunja na kumwaga msingi mpya kabla mvua hazijaanza. Nataka bulo (boliti) za M24 zilizovalishwa bomba sehemu ya juu. Mkubwa wangu wa kazi anakataa. Anasema bomba linanyima beto kushika bulo, heri tumwage moja kwa moja au tutoboe na kutia gundi. Nani amezijaribu zote?

Mekanisi_Likasi
Kaka, mkubwa wako anawaza mshiko, na mshiko unafanywa na kitako cha boliti kule chini, penye bamba na nati. Kazi ya bomba ni nyingine: kuiachia boliti nafasi ya kuvutika.

Piga hesabu. Boliti unayoikaza hadi MPa 200 (megapaskali, kipimo cha mvuto ndani ya chuma) inarefuka sehemu moja ya elfu ya urefu ulio huru. Kwenye M24 mkazo huo ni karibu kilonewtoni 70, kama tani 7 kwa kila boliti, na boliti ya daraja la 8.8, yaani ya chuma kigumu, inabeba bila taabu. Ikiwa zege imeishika mpaka juu na milimita 100 tu ndizo huru, imevutika milimita 0.1. Sasa rangi chini ya mguu ikisagika, vibati vya kusawazishia vikilala, grauti (uji wa saruji unaojazwa chini ya fremu) ikinywea kidogo, ukapoteza milimita 0.05, basi nusu ya mkazo imekwenda. Boliti ileile ikiwa na milimita 300 huru imevutika 0.3. Ukipoteza 0.05 hiyohiyo, umepoteza sehemu moja ya sita tu. Mashine bado imebanwa.

Ndiyo maana sheviye zako zilirudi kulegea. Zina urefu mfupi mno wa kuvutika, na mtikisiko unakila kidogo hicho kila siku. Kuongeza unene wa boliti hakusaidii kama urefu huru umebaki uleule.

Mimi huchukua urefu huru wa kipenyo mara 12, kwa hiyo kwako kama sm 30. Bomba liwe na upana wa ndani mara mbili ya boliti, karibu mm 50. Utapata pia nafasi ya kusogeza boliti kidogo ikikosea tundu la fremu. Kidogo tu, si kuipinda kwa nyundo.

Himbi_Tekniki (Goma)
Naomba nisimame upande wa gundi, maana inahukumiwa kwa makosa ya mafundi. Tundu likipigwa brashi na kupulizwa, tena na tena mpaka lisitoe vumbi, gundi ya epoksi inashika vizuri sana. Asiyesafisha anagundisha boliti kwenye vumbi.

Kwetu Goma shida ni mawe. Sakafu nyingi zina kokoto ya volkano yenye matundu, na ukitia gundi inakimbilia kwenye mapango hayo. Tundu linaonekana limejaa, boliti imeshikwa vipande vipande. Hapo tunavalisha kwanza kifuko cha wavu.

Na urefu huru unaweza kuupata hata kwa gundi: toboa kwa kina, gundisha sehemu ya chini tu, sehemu ya juu izungushie utepe mzito gundi isiiguse. Kwa msingi ambao haiwezekani kuuvunja, ningefanya hivyo. Lakini ndugu yangu, wewe unamwaga upya. Weka bomba.

Mama_Beto (Lubumbashi)
Nakubaliana na Likasi, ila bomba lisilojazwa ni kaburi la boliti. Mwaka juzi mwezi wa pili nilifungua msingi wa pampu. Ndani ya bomba maji ya kahawia, na boliti imeliwa pale katikati mpaka imekuwa na kiuno. Ukiitazama kwa juu, nati inang'aa.

Kosa la pili ni baya kuliko hilo: wanamwaga grauti na bomba liko wazi. Inashuka, inajaa, inakauka. Umenunua bomba na umepata boliti iliyoshikwa mpaka juu. Kwa hiyo jaza sponji laini ndani, funga mdomo kwa silikoni, na sehemu ya boliti inayopita kwenye grauti uizungushie utepe.

Mwanangu, na uzito wa msingi umeupima? Kwa mashine ya kuzunguka tunaanzia mara tatu ya uzito wake.

Fundi_Kampemba
Aksanti sana mama, aksanti wakubwa. Feni, moteri na fremu ni kilo 1200. Mara tatu ni kilo 3600, kwa hiyo mita za ujazo 1.5 za beto. Shimo letu linatosha, nitalipanua kidogo.

Nimemwonyesha mkubwa hesabu ya 0.05. Alikaa kimya, akaomba kalamu, akairudia mwenyewe kwa M20 za zamani. Amekubali bomba. Jumatatu nachonga ubao wa kushikilia bulo nne kwa vipimo vya fremu yenyewe, si vya mchoro, kwa sababu fremu ilishachomelewa upya mara moja.

Nikishamwaga, nikaze lini?

Mama_Beto
Beto iache siku 28, uimwagilie maji wiki ya kwanza. Grauti ikikomaa ndipo ukaze, kwa kukingamisha kona, kwa awamu. Halafu pima ulinganifu wa shafti upya, na baada ya wiki ya kazi rudi na spana ukague nati zote nne.