Kuingia na chupa yetu ya mvinyo wa Dodoma mgahawani Zanzibar, inakubalika?

MamaNoela_Dom

Wanajamvi, habari za jioni.

Mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, tunakwenda Unguja kama familia: mimi na mume wangu, watoto, baba yangu mzazi, kaka yangu na mkewe. Baba anatimiza miaka 70 tukiwa huko huko.

Baba amekula ujana wake wote kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo. Kupogoa, kufunga matawi kwenye nyaya, kuvuna mara mbili kwa mwaka kama ilivyo kwetu Dodoma. Ana chupa mbili za mvinyo mwekundu mkavu wa zabibu za Makutupora, kazilaza chini ya kitanda, kazifunga na kitenge, hataki mtu aziguse. Ombi lake ni moja tu: siku hiyo ale pweza wa bahari, na anywe mvinyo wa zabibu alizozilea kwa mikono yake. Kwa mzee ambaye hajawahi kutuomba kitu, nataka litimie.

Shida ni kwamba sijui taratibu za Zanzibar. Nimepigia simu mgahawa mmoja, aliyepokea akaniambia "njooni tu." Hakuuliza ni kinywaji gani, hakutaja bei. Jibu hilo limenitia wasiwasi kuliko kama lingekuwa "hapana." Tena wifi yangu ni Muislamu, hagusi kileo, na sitaki ajisikie vibaya kwenye sherehe ya baba mkwe wake.

Wenyeji na mliowahi kwenda, nisaidieni.

Mhudumu_Malindi

Dada, karibuni sana Unguja, na mfikishie mzee shikamoo yangu.

Mimi nahudumia mezani hapa Mji Mkongwe, nimefanya kazi penye baa na pasipo na baa. Hilo "njooni tu" usilitegemee hata kidogo. Anayepokea simu mchana siye atakayesimama mlangoni usiku. Mtake meneja. Litaje neno mvinyo waziwazi, sema chupa ni ngapi, uliza ada ya kufungua chupa ni shilingi ngapi na inahesabiwa kwa chupa au kwa kichwa. Mkishakubaliana, muombe akuandikie WhatsApp. Ni yaleyale ya ukumbi wa harusi ukiingiza kreti zako mwenyewe: ukumbi umekosa mauzo ya vinywaji, kwa hiyo unafidiwa. Na glasi zitaoshwa, barafu itanunuliwa, mtu atasimama mezani kwenu mpaka mmalize. Usione tabu kuilipa.

Hayo ni kwa sehemu zenye leseni ya kuuza pombe, nazo zipo: hoteli, migahawa ya juu ya paa, na ile ya ufukweni. Wapo watakaokukatalia kwa sababu wana orodha yao ya mvinyo. Likija jibu hilo, mshukuru, piga kwengine.

Sasa sehemu zisizouza kileo. Lukmaan pale Mkunazini, mtakwenda tu, maana huwezi kuja mjini ukaondoka bila kula pale. Unasogea kwenye masufuria unaonesha kwa kidole: wali wa nazi, samaki wa kupaka, pweza, maharage. Hapana pombe, na usiulize kama unaweza kuja nayo. Forodhani jioni ni vilevile: urojo, mishikaki, maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi, basi.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Watu wanamimina mvinyo kwenye chupa ya soda, wanakaa nao mezani wakidhani hakuna anayejua. Mhudumu akiinama kuondoa sahani, harufu inampiga usoni. Kijana yule katoka kuswali magharibi sasa hivi. Akisema, anamtahayarisha mgeni mbele ya watoto wake. Akinyamaza, anavunja amana ya tajiri wake. Huko ni kumweka mtu pabaya kwa ajili ya glasi mbili.

Kuhusu pweza wa mzee: mvinyo mwekundu mkavu na pweza wa nazi havipatani, hasa pilipili ikishaingia, mdomo unakuwa mchungu. Muagizieni pweza wa kuchoma, apakwe thomu na ndimu. Na chupa ikae kwenye ndoo ya barafu kama robo saa kabla ya kufunguliwa. Usiku wa Unguja, hata Juni ya kipupwe, una fukuto kuliko wa kwenu Dodoma, na mvinyo mwekundu ukiwa wa moto utamkatisha tamaa mzee wa watu.

KakaTabata

Naunga mkono suala la maandishi. Sisi tulikwenda na ndugu zangu pwani ya kaskazini, tukaelewana bei kwa mdomo, bili ilipokuja ada ilikuwa imezidi bei tuliyonunulia ile chupa dukani. Meneja wa mchana alishatoka. Tukalipa, lakini mama alinuna mpaka kesho yake.

Jingine: chupa zisibaki kwenye gari mnapozunguka. Siku ya kwenda Jozani au Nungwi, ziacheni chumbani, upande usiopigwa na jua. Kwenye boti zifungeni na kanga katikati ya begi la nguo.

Bint_Wete

Mimi ni mtu wa Pemba, nitasema kwa nia njema kabisa.

Mmezungumza sana habari za ada na barafu, wifi mkampitia juu juu. Kwa wengi wetu suala si kunywa tu. Meza inayopitishwa pombe hatuikalii kabisa, hata kama mbele yangu pana juisi ya ukwaju. Wengine wao hawana neno, wanakaa. Huwezi kujua wifi yako yuko upande gani mpaka umuulize. Muulize wewe mwenyewe, mkiwa wawili jikoni. Usimtume kaka, na usingoje mpaka mmekaa mbele ya mzee, maana hapo atajibu "haina shida" kwa heshima tu, na moyoni ana shida.

Na ningeomba chakula kikubwa cha siku ile, chenye dua na picha, kiwe cha mchana, mahali ambapo wote mnakaa pamoja. Chupa isubiri usiku.

MamaNoela_Dom

Bint_Wete, Mungu akubariki. Nimemuuliza wifi leo tukichambua mchele. Alinyamaza kidogo, akaniambia kweli hapendi kukaa meza yenye pombe, lakini alikuwa ameshajiandaa kuvumilia kwa ajili ya baba. Nimeumia kwamba angekaa usiku mzima namna ile na sisi tunacheka.

Kwa hiyo mchana ni Lukmaan, wote, na keki. Usiku wifi ameomba mwenyewe awapeleke watoto Forodhani wakale Zanzibar pizza, mimi nitakwenda naye. Baba atakaa na mume wangu na kaka. Chupa itakuwa moja tu, nyingine irudi Dodoma.

Mhudumu_Malindi, nimepata mgahawa wa juu ya paa uliokubali kwa maandishi. Kuna la ziada la kuuliza? Na ile sehemu ya Michamvi Pingwe iliyo juu ya mwamba baharini, baba ataiweza?

Mhudumu_Malindi

Huo mpango nimeupenda.

Huo mgahawa wa mwambani, The Rock, maji yakitoka mnakwenda kwa miguu, yakijaa mnavushwa kwa mashua. Kisha kuna ngazi ya mbao. Ulizeni saa za maji mapema, ili mzee asilazimike kupanda na kushuka mashuani.

Kwa hapa mjini, usiombe meza ya machweo. Saa kumi na mbili watu wanajazana juu ya paa kupiga picha, na wahudumu hawana muda wa kumfungulia mzee chupa yake kwa utulivu. Omba saa mbili. Halafu uliza ngazi ni ghorofa ngapi, kwa sababu nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazina lifti na ngazi zake zimesimama. Mwambie meneja kuna mzee wa miaka 70, akuwekee meza ya karibu na ngazi. Opena wanayo, msihangaike kubeba.